Kukadiria maji ya tindikali katika migodi ya makaa ya mawe

Maji ya tindikali ya mgodini ni maji yanayochuruzika kutoka kwenye miamba iliyochimbuliwa au kwenye kifusi cha mgodi, yakiwa yamebeba asidi na metali zilizoyeyuka. Anayeandika juu ya hatari hiyo kabla haijatokea hukutana na vitenzi vinne vinavyochanganywa mara kwa mara: kukisia, kutabiri, kubashiri na kukadiria. Ili kujua kipi kitumike wapi, yafaa kwanza kuielewa kazi yenyewe.

Chanzo cha asidi

Katika makaa ya mawe na miamba inayoyazunguka mara nyingi hupatikana pairiti, madini ya chuma na salfa. Ikiwa imefukiwa ardhini, mbali na hewa, pairiti hutulia. Uchimbaji huivunja miamba na kuiacha wazi kwa hewa na mvua. Pairiti hushika kutu na kuzalisha asidi ya salfuriki. Bakteria wanaopata nishati kutokana na chuma huiharakisha kazi hiyo. Katika majimbo ya Pennsylvania na West Virginia, nchini Marekani, viko vijito vyenye utando wa rangi ya chungwa, visivyo na samaki, ambavyo maji yake hutoka katika migodi iliyoachwa miaka mingi iliyopita.

Hesabu ya pande mbili

Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 kuhusu uchimbaji wa makaa ya mawe humtaka mwombaji wa kibali aeleze mapema athari zitakazoweza kuyapata maji. Njia iliyoenea ni kutoboa ardhi, kuchukua sampuli ya kila tabaka, kisha kulinganisha mambo mawili: uwezo wa mwamba kuzalisha asidi na uwezo wake wa kuizima. Mbinu hiyo ilikuzwa West Virginia, na mwongozo wake ulitolewa mwaka 1978.

Kila asilimia 1 ya salfa iliyomo katika pairiti huhitaji kilo 31.25 za kalsiamu kaboneti, kiini cha mawe ya chokaa, kwa kila tani ya mwamba. Tuseme tabaka lina salfa asilimia 2: litahitaji kilo 62.5. Likiwa na uwezo wa kuzima unaolingana na kilo 40 tu, limepungukiwa kilo 22.5, nalo ni la kutiliwa shaka.

Hata hivyo, hesabu hiyo yaweza kudanganya. Sideraiti, yaani kaboneti ya chuma, huonekana maabara kana kwamba inazima asidi, lakini chuma chake kikikutana na hewa na maji huirudisha asidi ileile. Isitoshe, hesabu haisemi asidi itatoka lini wala kwa kasi gani. Kwa hiyo mawe yenye shaka huwekwa katika vyombo vyenye hewa ya unyevu, husuuzwa kila wiki kwa muda wa majuma mengi, na maji yake hupimwa.

Kitenzi kipi?

*Kukisia* ni kusema bila kipimo. *Kutabiri* kunatokana na neno la Kiarabu lililohusu kufasiri ndoto. Leo twalisikia katika utabiri wa hali ya hewa, ila bado lina harufu ya unajimu. *Kubashiri* ni kutoa habari ya jambo lijalo kwa kufuata dalili zake. *Kukadiria* kuna ndani yake neno kadiri, yaani kiasi: humdai msemaji namba. Basi kilo 22.5 ni kadirio. Kauli kwamba kifusi kitatoa asidi ni ubashiri uliojengwa juu ya kadirio hilo.

Mifano:
– Wataalamu walikadiria uwezo wa kila tabaka kuzalisha asidi.
– Kwa makadirio hayo, walibashiri kuwa kifusi kingechafua kijito.
– Meneja alikisia tu. Hakuna sampuli iliyopimwa.

Tofauti ya sentensi ya pili na ya tatu ina uzito mkubwa kwa wakaao bondeni. Maji yakishageuka tindikali, huenda yakahitaji kutiwa chokaa kwa miongo mingi, hata baada ya mgodi kufungwa. Msomaji wa ripoti ya mgodi akikuta neno "inabashiriwa", ana haki ya kuuliza: kwa kadirio lipi?