Ndugu Wanne wa Gome la Kinkina

Tafuna kipande kidogo cha gome la kinkina: uchungu unaokushika ulimini si wa kitu kimoja. Ndani yake mna alkaloidi nne za tumbo moja, kinini, kinidini, sinkonini na sinkonidini, pamoja na nta, rangi na tanini. Hapa Bukavu, ambako Pharmakina hutengeneza kinini kwa magome ya mashamba ya Kivu, kutenganisha ndugu hao ni kazi ya kiwandani. Hakuna chujio linaloiweza kwa mara moja. Hufanywa kwa hatua, na kila hatua hutumia tofauti moja tu.

Kwanza gome lililosagwa huchanganywa na chokaa. Katika gome, alkaloidi zimeshikana na asidi za mti, chokaa huzibandua. Zikiwa huru hupenda mafuta kuliko maji, basi mafuta ya moto huzibeba. Kisha mafuta hayo hutikiswa na maji yenye asidi ya salfuriki. Sasa alkaloidi zinageuka chumvi na kurudi majini, huku nta ikibaki kwenye mafuta. Hatua hii naipenda kuliko zote: kitu kilekile kimehamishwa mara mbili, na kisichoweza kuhama safari zote mbili kimeachwa nyuma.

Baadaye asidi hupunguzwa, maji yakapoozwa. Gramu 1 ya salfeti ya kinini huyeyuka katika mililita 30 hivi za maji yanayochemka, lakini katika maji baridi hutaka kama 800. Kwa hiyo hujitenga kwa sindano nyeupe, na wengi wa nduguze hubaki majini. Sindano huyeyushwa tena, hupoozwa tena, hadi zitakate.

Mtafiti hupima kila fungu, hata maji yaliyobaki. Katika asidi ya salfuriki, kinini na kinidini hung'aa buluu juani. Wale wawili wengine hawang'ai. Kinidini ina atomi zilezile za kinini, kwa idadi ileile, ila zimepangika tofauti. Imetumika kutibu mapigo ya moyo yasiyo sawa.

Kwa hiyo nawasihi wanafunzi wanaochunguza mimea yetu ya dawa: chupa ya mabaki iandikeni namba, msiimwage. Wanakemia Pelletier na Caventou walipoitenga kinini Paris mwaka 1820, sifa zote ziliiendea yenyewe. Lakini majaribio yaliyoanza Madras, India, mwaka 1866 yalionyesha kwamba ndugu wote wanne hutibu malaria.