Mnara si wa kampuni ya simu

Ukipita karibu na mnara wa simu, uwe Kimara au Makambako, soma kibao kilichofungwa getini. Mara nyingi hutalikuta jina la mtandao unaonunua vocha zake, bali la kampuni inayopangisha minara. Millicom, iliyokuwa ikimiliki Tigo, ilikubali mwaka 2010 kuiuzia Helios Towers minara yake ya Tanzania. Mwaka 2013 Vodacom nayo ikaiuzia Helios zaidi ya minara 1,000. Airtel ilisubiri hadi 2021, ikatangaza kuuza minara ipatayo 1,400 kwa takriban dola milioni 175 kwa ubia unaoongozwa na SBA Communications ya Marekani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mnara ni chuma, zege, uzio, mlinzi na, pale umeme unapokatika au usipofika, jenereta inayokunywa dizeli usiku kucha. Mitandao mitatu ikijenga minara mitatu kwenye kilima kimoja, gharama ileile inalipwa mara tatu. Mwenye mnara akimpata mpangaji wa pili, gharama za kiwanja na ulinzi hubaki karibu zilezile huku kodi ikiongezeka. Faida yake yote iko hapo.

Je, kampuni ya simu imebaki na nini? Juu ya mnara imebaki na antena na redio zake, pamoja na leseni ya masafa kutoka mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Masafa ya chini, kama megahezi 900, husafiri mbali na kupenya kuta, ndiyo maana ndiyo yanayotegemewa vijijini. Yale ya juu hubeba data nyingi lakini huchoka mapema, kwa hiyo Kariakoo inahitaji antena nyingi zilizokaribiana.

Mali kubwa zaidi haionekani kutoka barabarani. Ipo kwenye vyumba vyenye baridi ambako kitovu cha mtandao kimefungwa, na moyo wa kitovu hicho ni rejesta ya wateja. Ukiwasha simu, laini yako hujitambulisha kwa namba yake ya utambulisho inayoanza na 640, ambayo ni tarakimu za Tanzania. Rejesta haiiamini hivihivi. Huitumia laini fumbo la tarakimu, nayo hulifumbua kwa ufunguo uliofichwa ndani yake, ufunguo ambao haupitishwi hewani hata mara moja. Jibu likilingana, umekubaliwa. Tangu hapo rejesta inajua uko eneo gani, unaruhusiwa huduma zipi, na simu yako ipelekwe wapi ikipigwa. Ukihama mtandao na namba yako, jambo linalowezekana nchini tangu 2017, mtandao mpya ndio unaobeba kumbukumbu hizo, na minara inaweza kuwa ileile.

Kitovu hicho pia ndicho kinachoeleza vituko tunavyovilalamikia. 4G ilibuniwa kubeba data tu. Kama simu yako au mtandao wako hauna huduma ya kupitisha sauti juu ya 4G, basi ukipiga simu tu alama ya 4G hupotea kwenye kioo: umeshushwa 3G au 2G ili uongee, na ukikata unarudishwa. Menyu ya pesa unayoifungua kwa nyota na reli nayo hupita kwenye njia ya ishara za mtandao, si kwenye bando la data, na ndiyo maana kitochi kinatosha kumlipa wakala. Kuna wanaosema 2G ni mzee wa kustaafishwa. Kwa biashara ya pesa za simu, mzee huyo bado ndiye anayelisha nyumba.

Kati ya mnara na kitovu pana kiungo ambacho watu wengi hawakijadili: mkongo, au yale madishi ya duara ya mikrowevu yanayorushiana mawasiliano kutoka kilima hadi kilima. Mnara wenye antena za kisasa lakini nyuma yake una mikrowevu finyu utaonyesha alama zote za mtandao, na video isifunguke. Hata mkongo una mipaka yake. Mei 12, 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika baharini kusini mwetu, intaneti ilizorota nchi nzima. Minara ilikuwa imesimama vilevile.

Mei 2023 serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713, kwa ruzuku inayopitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Ni kazi njema, na vijiji viliisubiri kwa muda mrefu. Ila diwani anayeupokea mnara kwenye kata yake asiishie kukata utepe. Amuulize mhandisi maswali mawili: hapo juu imefungwa 2G tu au na 4G, na kwa nyuma umeungwa kwa mkongo au kwa dishi?