Mtalii kutoka Midia ana la kutafuta Brussels

Watalii wengi huenda Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, kwa ajili ya uwanja wa kale wa Grand-Place na chokoleti. Mgeni anayetoka Midia, wilayani Koboko, ana sababu ya ziada: ardhi ya mababu zake iliwahi kuwa chini ya mfalme aliyeupamba mji huo.

Mwezi Mei 1894 Uingereza ilimkodisha Mfalme Leopold II eneo la Lado, magharibi mwa Mto Nile, kwa muda wote wa uhai wake. Arua na Koboko zilikuwamo. Leopold alifariki Desemba 1909. Mwaka uliofuata eneo hilo likakabidhiwa utawala wa Sudan, na mwaka 1914 sehemu ya kusini ikatiwa Uganda.

Pa kuanzia ni lango kuu la bustani ya Cinquantenaire, lililokamilika mwaka 1905 kwa fedha ambazo wanahistoria wanazihusisha na mpira na pembe za ndovu za Kongo. Kutoka kituo cha Montgomery, tramu namba 44 hupita msituni hadi Tervuren, yaliko Makumbusho ya Afrika ya Kati. Yalifunguliwa mwaka 1910, na baada ya ukarabati wa miaka mitano yakafunguliwa upya Desemba 2018.

Humo, usipite haraka. Ukuta mmoja una majina ya Wabelgiji zaidi ya 1,500 waliofia Kongo. Msanii Mkongo Freddy Tsimba ameandika kwenye vioo vya madirisha majina mengine saba, na jua likiwaka vivuli vyake huangukia ukuta huo: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Hao walikuwa miongoni mwa Wakongo 267 walioletwa mwaka 1897 kuonyeshwa kwa watazamaji. Wamezikwa kando ya kanisa la Tervuren, mwendo mfupi kwa miguu, na makaburi yao yanastahili kuzuriwa kuliko duka lolote la chokoleti.

Mwaka 2020 Mfalme Philippe alieleza majuto yake kwa maovu ya enzi hiyo. Majuto, si kuomba radhi. Tofauti hiyo bado inajadiliwa Ubelgiji.

Raia wa Uganda anahitaji viza ya Schengen, ambayo haizidishi siku 90. Ada ya euro 90 hairudishwi hata maombi yakikataliwa.