Kundi la kisoshalisti chuoni: swali ni nani analipa

1/ Kila nikiandika kuhusu karo ama mikopo, kuna komredi anauliza: "Tunaweza anzisha kundi la kisoshalisti hapa kampasi, ama tutafukuzwa?" Leo nijibu vizuri. Kama kawaida, sitaji mwanasiasa wala chama.

2/ Kwanza maana. Usoshalisti unasema mali kubwa inayozalisha, yaani viwanda, benki, mashamba makubwa, imilikiwe na umma au wafanyakazi wenyewe. Kutaka karo ishuke peke yake si usoshalisti. Hata mtu wa soko huria anaweza kutaka hivyo. Jueni tofauti kabla ya kuchapisha tisheti.

3/ Katiba ya 2010 iko upande wenu. Kifungu cha 36 kinampa kila mtu haki ya kujiunga na kikundi cha aina yoyote. Usajili haufai kukataliwa bila sababu ya maana, na kabla ufutwe lazima msikizwe. Kifungu cha 37 kinalinda kukusanyika na kuandamana, bora iwe kwa amani na bila silaha.

4/ Na hii si chama cha siasa. Chama kikitaka usajili kamili kinahitaji wapiga kura 1,000 katika kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti 47. Nyinyi ni kikundi cha chuo: katiba fupi, orodha ya wanachama, mlezi kutoka kwa wahadhiri, barua kwa Mkuu wa Wanafunzi. Kila chuo kina kanuni zake, zisomeni. Barua iwe nakala mbili, yenu ipigwe muhuri.

5/ Sasa swali ambalo watu hulikwepa: nani analipa? Uchaguzi ukikaribia, hakosi mheshimiwa anayependa vijana ghafla. Analeta hema, tisheti na pesa za chai. Kuanzia hapo kamukunji yenu inaitishwa akitaka, na inanyamaza akitaka.

6/ Msidhani mkipata mkubwa wa itikadi yenu mko salama. Angalia Dar es Salaam. Mwaka wa 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, wanafunzi wa chuo kikuu walianzisha kundi la kimapinduzi, USARF. Baadaye wakatoa jarida, Cheche.

7/ Serikali yenyewe ilikuwa ikihubiri ujamaa. Lakini Cheche lilichapisha uchambuzi mrefu wa Issa Shivji kuhusu matabaka ndani ya Tanzania hiyo hiyo. Kabla 1970 iishe, kundi na jarida vilikuwa vimepigwa marufuku. Kukubaliana na wakubwa kunakulinda mpaka siku utakapowachambua wao.

8/ Jina nalo si dawa. Hapa kwetu, Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 ulijiita wa usoshalisti wa Kiafrika, lakini ukapendekeza pesa za maendeleo ziende mahali zitaleta faida kubwa zaidi. Sehemu nyingine zikasubiri. Wengine bado wanasubiri.

9/ Kwa hivyo ushauri wangu: michango midogo ya wanachama, hata kama ni bob 20 kwa wiki. Hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi. Atakayeshika pesa asiwe mwenyekiti. Na muanze na jambo moja la karibu: bei ya chakula mesini, ama mkataba wa mama anayefagia hosteli kupitia kampuni ya nje. Kundi la wafanyakazi lisilojua mama huyo analipwa ngapi ni la maneno tu.

10/ Wanaopinga husema chuo ni mahali pa masomo, na mzazi ameuza ng'ombe ndio ufike hapo. Hoja hiyo ina uzito. Ukisimamishwa masomo, mwaka unaopotea ni wako, si wa mheshimiwa. Ndio maana hatua yoyote ya hatari ipigiwe kura, muwe na nambari ya wakili kabla ya siku yenyewe, na mwanafunzi asipelekwe mbele ya kamati ya nidhamu peke yake.

11/ Kama uko kwenye kundi la aina hii, la kushoto ama la kulia, jibu hapa chini: hesabu zenu zilisomwa lini mara ya mwisho, na nani alikuwa kwenye chumba?