Nguo ya kuogelea iliyotokana na nyavu kuukuu: Mambo 6 ya kuangalia kabla hujalipa

Posti inavutia: bahari ya buluu, mwanamitindo kwenye mchanga mweupe, na chini yake maneno "imetengenezwa kwa taka za baharini". Bei yake ni mara mbili ya nguo ya kawaida ya kuogelea. Mteja anataka kuagiza, lakini anajiuliza: hivi ni kweli, au ni maneno ya biashara tu?

Ni swali la maana. Nguo karibu zote za kuogelea tunazovaa leo ni plastiki. Nailoni na poliesta zinatokana na mafuta ya petroli, na zile nyuzi za kuvutika zinazoifanya nguo ikae mwilini, yaani elasteni, ni plastiki pia. Ndiyo maana kampuni nyingi sasa zinauza nguo zilizotokana na plastiki iliyorejelezwa, kwa madai kwamba zinapunguza taka na matumizi ya mafuta.

Madai hayo yana ukweli ndani yake. Yana chumvi pia. Haya hapa mambo ya kuangalia.

Kwanza, wavu unageukaje kuwa bikini?

Kuna njia mbili kuu.

Ya kwanza ni ya nailoni. Jina linalojulikana zaidi ni ECONYL, uzi wa kampuni ya Italia iitwayo Aquafil, ulioingia sokoni mwaka 2011. Nyavu kuukuu za kuvulia, mazulia yaliyochakaa na mabaki ya viwandani hukusanywa na kupelekwa kiwandani Ljubljana, Slovenia. Huko nailoni huvunjwa kwa kemikali mpaka inarudi kwenye malighafi yake ya mwanzo, kisha inatengenezwa upya kuwa uzi. Kwa kuwa inarudi mwanzo kabisa, ubora wake unakuwa sawa na wa nailoni mpya.

Njia ya pili ni ya poliesta. Chupa za maji na soda huoshwa, husagwa vipande vidogo, huyeyushwa na kuvutwa kuwa uzi. Mfano ni REPREVE, uzi wa kampuni ya Marekani iitwayo Unifi.

Njia hii ya chupa ina wakosoaji wake. Wanasema chupa inaweza kurejelezwa ikawa chupa tena, lakini ikishageuzwa nguo na kuchanganywa na elasteni, hapo safari yake imefika mwisho. Kutenganisha nyuzi hizo ni kazi ngumu na ya gharama, kwa hiyo nguo ikichakaa kwa kawaida huishia jalalani.

1. Soma asilimia, achana na picha ya kobe

Rangi ya kijani, picha ya kobe na neno "rafiki wa mazingira" havithibitishi kitu. Kinachosema ukweli ni ile lebo ndogo ya ndani.

Lebo nzuri inataja namba. Kwa mfano: "nailoni iliyorejelezwa 78%, elasteni 22%." Mchanganyiko wa namna hiyo ni wa kawaida kwenye vitambaa vya aina hii. Elasteni hiyo mara nyingi huwa mpya, haijarejelezwa.

Kwa hiyo ukikutana na nguo ya kubana inayodaiwa kuwa "100% imerejelezwa", uliza: je, elasteni imo kwenye hesabu? Na bitana? Wapo wanaohesabu kitambaa cha nje tu na kuliacha la ndani bila kulitaja.

2. Tafuta cheti, na ujue kinasema nini

Vyeti viko vingi na vinachanganya. Vitatu hivi ndivyo utakavyoviona zaidi:

• GRS (Global Recycled Standard): kinafuatilia malighafi iliyorejelezwa kutoka inakochakatwa mpaka kwenye bidhaa, na kinagusa pia mazingira ya kazi na kemikali zinazotumika. Bidhaa inaanza kukubalika ikiwa na 20% ya malighafi iliyorejelezwa, lakini ili nembo iwekwe kwenye nguo anayouziwa mteja, inatakiwa ifike 50%.

• RCS (Recycled Claim Standard): hiki kinaanzia 5% tu. Ukikiona, usiishie kwenye nembo. Uliza asilimia.

• OEKO-TEX Standard 100: kinapima kama nguo ina kemikali zenye madhara kwa mtumiaji. Ni kizuri kwa afya ya ngozi, lakini peke yake hakithibitishi kwamba nguo imerejelezwa. Wauzaji wengine wanakitumia kana kwamba kinathibitisha.

Lebo ya kweli ya cheti inamtaja pia aliyekagua. Nembo tupu, isiyo na jina wala namba, inaweza kuchapishwa na mtu yeyote.

3. "Taka za baharini" si lazima zilitoka baharini

Hapa ndipo wengi wanapigwa chenga.

Yapo maneno mawili yanayofanana. Moja linahusu plastiki iliyotolewa baharini kweli. Lingine linahusu plastiki "inayoelekea baharini", ambayo kwa kawaida ni taka iliyookotwa nchi kavu, ndani ya kilometa 50 kutoka pwani, mahali ambapo huduma ya kuzoa taka ni duni. Kuiokota ni jambo jema, lakini haikuwahi kuwa tumboni mwa samaki.

Hata nailoni ya nyavu haitokani na nyavu zilizotelekezwa baharini peke yake. Nyingine zinatoka kwenye mabwawa ya kufugia samaki, na zulia kuukuu halijawahi kuona wimbi.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanajua kazi ya kuipa taka ya ufukweni maisha mapya. Mwaka 2018, mafundi wa Lamu walizindua Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyorejelezwa na kupambwa kwa kandambili zilizookotwa. Mwaka uliofuata lilisafiri mpaka Zanzibar. Lilimeza takriban tani 10 za plastiki, na taka hiyo ilibidi iokotwe, ichambuliwe na kusafishwa kwanza. Kazi ya namna hiyo huacha ushahidi, kwa hiyo anayedai kuifanya anaweza kueleza taka yake ilitoka wapi.

Ulaya wameanza kubana. Mwaka 2022, mamlaka ya kulinda walaji ya Uholanzi, ACM, ilizifanya H&M na Decathlon ziahidi kurekebisha au kuacha kutumia maneno ya jumla ya "kijani" ambayo hayakuwa na maelezo ya kutosha.

4. Itadumu, au itaregea baada ya miezi mitatu?

Nguo iliyorejelezwa inayochanika baada ya msimu mmoja haijaokoa chochote. Kwa hiyo chagua kulingana na maji unayoogelea.

Bwawani mara kwa mara: klorini hula elasteni. Nguo inaregea, inakuwa nyepesi, mwisho inaonyesha. Poliesta huvumilia klorini vizuri zaidi kuliko nailoni, kwa hiyo kwa mtu wa mazoezi ya kila wiki hiyo ndiyo chaguo bora.

Baharini wikiendi: nailoni ni laini na inakaa vizuri mwilini.

Burkini na nguo ndefu: matangazo mengi ya "kijani" yanaonyesha bikini tu, wakati wanawake wengi wa Zanzibar, Mombasa na Lamu wanaogelea wakiwa wamejisitiri. Nguo ndefu hutumia kitambaa kingi zaidi, hivyo kitambaa chake ni uamuzi mkubwa kuliko cha bikini. Poliesta hunyonya maji kidogo kuliko nailoni na hukauka haraka, jambo linalosaidia usitembee na nguo nzito iliyolowa.

Ukiwa dukani, fanya jaribio la sekunde 10. Vuta kitambaa kwa pande mbili, kisha kiachie. Kikirudi haraka bila kuacha mikunjo, ni dalili nzuri. Kisha kivute tena ukikielekeza kwenye mwanga. Ukiuona mkono wako vizuri upande wa pili, watu nao watauona mwili wako ukitoka majini.

5. Kurejelezwa hakuzuii plastiki kurudi baharini

Hili matangazo hayalisemi. Nailoni au poliesta, iwe mpya au imerejelezwa, huachia nyuzi ndogo sana za plastiki kila inapooshwa. Ripoti ya IUCN ya mwaka 2017 ilikadiria kwamba ufuaji wa nguo za aina hii unachangia karibu 35% ya plastiki ndogondogo zinazoingia baharini zikiwa tayari katika umbo hilo. Ufaransa imekwenda mbali zaidi: kampuni kubwa zinatakiwa kumjulisha mteja pale nguo yenye zaidi ya nusu ya nyuzi za plastiki inapoachia nyuzi hizo kwenye ufuaji.

Habari njema ni kwamba utunzaji mzuri unasaidia, na hauna gharama:

• Suuza kwa maji baridi ya bomba mara tu baada ya kuogelea. Chumvi, klorini na losheni ya jua vyote vinachosha kitambaa.
• Fua kwa mkono kwenye beseni, kwa sabuni kidogo, bila kusugua kwa nguvu.
• Usikamue kwa kusokota. Bana tu maji yatoke.
• Anika kivulini.
• Ukikaa kwenye ukingo wa zege au juu ya mwamba, tandika taulo. Makwaruzo yanakata nyuzi.

6. Je, unahitaji mpya?

Nguo inayochafua kidogo zaidi ni ile ambayo tayari iko kabatini. Kama kitambaa bado ni kizima na kilichoregea ni mpira wa kiunoni tu, fundi cherehani anaweza kuubadilisha kwa pesa kidogo.

Mitumba je? Nguo za kuogelea hukutwa kwenye mabelo, nyingine zikiwa bado na lebo za dukani. Lakini elasteni iliyochoka hairudi, kwa hiyo ivute kabla hujalipa. Ni nguo inayogusa sehemu za siri pia, na Tanzania imepiga marufuku mitumba ya nguo za ndani kwa sababu za kiafya. Kama haina lebo yake ya dukani, ni salama zaidi kuiacha.

Ujumbe wa kumtumia muuzaji

Kama bado umeipenda ile ya kwenye posti, nakili huu umtumie kwa DM:

"Habari dada, nimeipenda hii nguo. Naomba picha ya lebo ya ndani. Asilimia ngapi ya kitambaa imerejelezwa, uzi ni wa kampuni gani, na bitana nalo limerejelezwa? Kuna namba ya cheti?"

Muuzaji anayeijua bidhaa yake atajibu, hata kama ni kusema "bitana ni la kawaida, dear". Jibu hilo la ukweli lina thamani. Lakini ukijibiwa "hii ni original kabisa, wahi zimebaki mbili", basi hujajibiwa. Hela yako ibaki kwenye simu.