Soko la kambini Kasulu na Kibondo: amri moja, hasara pande mbili

Mfanyabiashara anayenunua maharage au unga wa muhogo Kasulu na Kibondo hupiga hesabu zake zote kabla ya kupakia: bei ya shambani, magunia, vibarua, ushuru wa halmashauri, nauli ya lori, na lumbesa ambayo kila mtu anailaani huku akiitumia. Gharama moja tu haina mstari kwenye daftari lake. Ni amri ya serikali inayotoka Jumatatu, wakati mzigo ulinunuliwa Jumamosi. Ukurasa huu wiki hii unaitazama gharama hiyo kwa kutumia masoko ya kambi za wakimbizi, kwa kuwa huko ilionekana waziwazi kuliko mahali pengine popote mkoani Kigoma.

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Zaire, ambayo sasa ni Kongo. Machafuko ya Burundi ya mwaka 2015 yalileta wimbi jipya. Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa tena Oktoba mwaka huo, ikifuatiwa na Mtendeli ya Kakonko mwaka 2016. Kufikia mwaka 2017 nchi ilikuwa na wakimbizi zaidi ya 300,000, karibu wote wakiwa mkoani Kigoma. Ili msomaji apate picha, wilaya nzima ya Kibondo ilihesabiwa kuwa na watu kama 261,000 katika sensa ya mwaka 2012. Kwa mwenye shamba la migomba huko Makere, huo ulikuwa mji mzima wa walaji uliochipuka jirani na ua wake.

Biashara yenyewe haikuwa na siri. Mgawo wa mkimbizi ulikuwa unga wa mahindi, jamii ya kunde, mafuta na chumvi. Haukuwa na ndizi, mchicha, dagaa wala muhogo, na familia ya Kirundi haiwezi kula chakula kile kile mwezi hadi mwezi. Basi mama aliuza debe la unga, akanunua ndizi na mawese. Mwanakijiji alileta ndizi, akarudi na unga kwa bei nafuu kuliko ya dukani. Mahali pa kukutania paliitwa soko la pamoja. Hakuna aliyeburutwa kwenda pale.

Jambo hili si la Kigoma peke yake. Mwaka 1945 Mwingereza R. A. Radford, mchumi aliyekuwa amekamatwa vitani, aliandika makala juu ya kambi za mateka alizokaa Italia na Ujerumani. Kila mateka alipata kifurushi karibu sawa na cha mwenzake, lakini walipobadilishana, asiyevuta sigara alipata chokoleti na asiyependa nyama alipata jamu. Sigara ikawa fedha, na bei zikapanda na kushuka kama za soko lolote. Kwa hiyo mgawo sawa haufanyi mahitaji ya watu yawe sawa, na hata nyuma ya seng'enge watu hutafuta njia ya kuuziana.

Huku kwetu njia hiyo ilizibwa hatua kwa hatua. Mwishoni mwa 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapa baadhi ya wakimbizi wa Nyarugusu fedha taslimu badala ya chakula, na fedha hizo zikaingia moja kwa moja kwa wauzaji. Agosti 2017 serikali ikaamuru mpango usimame. Mwaka 2018 masoko ya kambini yakaanza kubanwa, na mwaka 2019 yale ya Nduta na Mtendeli yakafungwa.

Aliyebanwa kwanza ni mkimbizi. Chini ya sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 hawezi kutoka eneo lake bila kibali, hivyo soko likifungwa hana pengine pa kupeleka unga wake. Anabaki kumngoja mnunuzi wa gizani, anayetaja bei apendayo kwa sababu anajua hana mpinzani. Tuseme debe lililokuwa likiuzwa shilingi 8,000 hadharani linachukuliwa kwa 5,000. Tofauti ya 3,000 haiendi hazina ya taifa wala halmashauri. Inamlipa mpita njia za panya kwa hatari anayobeba.

Upande wa pili yuko mkulima Mtanzania, ambaye amri haikumtaja. Mahindi anaweza kuyaweka ghalani. Ndizi iliyoiva haisubiri barua ya rufaa. Mchuuzi aliyekopesha dagaa kambini naye haruhusiwi kuingia kudai.

Serikali ilikuwa na hoja zake, na si za kupuuzwa. Silaha kutoka nchi jirani ni jambo la kweli. Misitu inayozunguka kambi imekatwa sana kwa kuni. Wenye maduka walilalamikia bidhaa zisizolipiwa ushuru. Hata bei zina pande mbili: utafiti wa Alix-Garcia na Saah, uliotoka mwaka 2010 kuhusu wakimbizi wa miaka ya 1990 magharibi mwa Tanzania, ulionyesha kuwa vyakula visivyo kwenye mgawo, kama ndizi, vilipanda bei. Wakulima walinufaika, wakazi wa mjini, wanaonunua kila kitu, waliumia.

Lakini kila hoja hapo ina dawa yake isiyozidi ukubwa wa ugonjwa. Silaha hutafutwa kwa upekuzi getini, ushuru hukusanywa sokoni, tena kwa urahisi zaidi soko likiwa mahali pamoja mchana kweupe. Kufunga soko lote ni kumwadhibu muuza mchicha kwa kosa la muuza bunduki. Hapo ndipo wanaotetea uhuru wa mtu binafsi wana haki, hata kama msomaji hakubaliani nao katika mengine. Friedrich Hayek aliandika mwaka 1944 kwamba serikali iliyo huru hufungwa na kanuni zilizotangazwa mapema, ili mtu aweze kupanga mambo yake. Kodi inayojulikana, hata ikiwa nzito, mfanyabiashara huiingiza kwenye bei.

Wazee wa biashara ya nafaka wanakumbuka vizuizi vya barabarani na vibali vya kusafirisha chakula kutoka mkoa hadi mkoa. Mwaka 1984 kiwango cha kusafirisha bila kibali kilipandishwa hadi kilo 500, na mwaka 1987 kikomo kikaondolewa. Mwaka 2017, ule ule wa kusimamishwa kwa fedha za Nyarugusu, ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3, na mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa ukivuka wilaya. Serikali moja, mwaka mmoja, mikono miwili.

Mtendeli ilifungwa mwaka 2021, na waliokuwamo wakahamishiwa Nduta. Aliyejenga kibanda cha biashara karibu na geti lake hakuwa na mkataba wowote wa kuonyesha, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwandikia kwamba soko lile lingekuwapo kesho.