Adabu ya Kuijaribu Pikipiki ya Mashindano

Katika nyumba nyingi yuko kijana ambaye moyo wake umetekwa na pikipiki za mashindano, zile zirukazo vilima na kupasua matope. Mzazi wake humtazama kwa hofu, na hofu hiyo si bure. Lakini kumkataza kijana bila ya kumfahamisha hakumzidishii akili. Kwa hiyo mwezi huu tumeona vyema tueleze jinsi pikipiki ya namna hiyo inavyojaribiwa na kurekebishwa kabla ya siku ya mashindano, ili kijana ajue analolitaka, na mzazi ajue la kumwuliza.

Tutasema juu ya mashine ya mapigo mawili. Wavuvi wa pwani wanaijua vizuri tabia yake, kwani mashine nyingi za maboti ni za namna hiyo, na petroli yake huchanganywa na oili. Mashine hii haina vali kama za motokaa. Pistoni yenyewe, ipandapo na ishukapo, hufungua na kufunga matundu yaliyo ubavuni mwa silinda, na moto huwaka katika kila mzunguko mmoja, hali mashine ya mapigo manne huwaka mara moja katika mizunguko miwili. Hewa na petroli hupita kwanza chini ya pistoni, mahali ambapo katika mashine nyingine hukaa oili. Basi hapana pa kuiweka oili ila ndani ya petroli yenyewe. Tulishike jambo hili: anayeinyima mashine hii petroli ameinyima na oili pia.

Nguvu yake kubwa hutoka mahali ambapo wengi hawapadhanii, nayo ni katika bomba la moshi. Mhandisi Walter Kaaden, wa kiwanda cha MZ katika mji wa Zschopau, Ujerumani ya Mashariki, aliishughulikia sana elimu hii. Bomba lake hupanuka kama tarumbeta, kisha hubanwa tena. Wimbi la moshi likifika penye upana huvuta na kuisafisha silinda. Likigonga penye wembamba hurudi nyuma na kuisukuma ndani petroli iliyokuwa ikitoroka. Mwaka 1961 mashine yake ndogo ya cc 125 ilifikia nguvu za farasi 25. Mwaka huo huo mpanda pikipiki wake, Ernst Degner, alikimbilia Magharibi, na mwaka 1962 akawa bingwa wa dunia wa cc 50 akiwa na Suzuki. Hayo yalikuwa mashindano ya barabara za lami. Lakini na huko porini mashine ya mapigo mawili haikukawia kutamalaki. Mwaka 1966 Paul Friedrichs alipata ubingwa wa dunia wa cc 500 kwa pikipiki ya CZ ya Chekoslovakia, na hiyo ndiyo mashine ya kwanza ya mapigo mawili kuushinda ubingwa huo.

Sasa tuje kwenye majaribio. Fundi mwenye busara huanza na mambo madogo. Hupima oili kwa chombo, wala hakisii kwa jicho: kwa kipimo cha oili moja kwa petroli 32, lita tano za petroli hutaka oili kiasi cha mililita 156. Naye akumbuke kwamba kuzidisha oili ni kupunguza petroli katika kila mvuto, kwa hiyo kila abadilipo kipimo hicho hana budi kuitazama kabureta upya.

Katika kabureta, jeti ndogo hutawala mashine inaponguruma polepole. Sindano hutawala mwendo wa katikati. Na jeti kubwa hutawala mkono wa mafuta unapofunguliwa wote. Hewa nayo ina hukumu yake. Pikipiki iliyorekebishwa Mombasa, ikipandishwa Nairobi ambako hewa ni nyepesi, itakohoa na kutoa moshi mzito, kwani petroli imekuwa nyingi kuliko hewa. Hapo hutakiwa jeti ndogo zaidi. Na ikirekebishwa Nairobi kisha ikateremshwa pwani, hatari ni kubwa zaidi, maana petroli itakuwa haba.

Na hapa ndipo penye siri ya mambo yote. Kadiri petroli inavyopunguzwa hatua kwa hatua, mashine huzidi kuwa nyepesi, sauti yake huwa kali na safi, na mpandaji hufurahi. Lakini utamu huo uko jirani sana na maangamizi. Ikipunguzwa hatua moja tu kupita kiasi, pistoni hupata moto, hutanuka kuliko silinda, na oili haitoshi. Mara hukamata, na gurudumu la nyuma husimama ghafla hali pikipiki iko mbioni. Ndiyo sababu mjaribu mwenye uzoefu huweka kidole juu ya klachi, naye husikiliza. Mashine ikilegea ghafla au ikibadili sauti, hubana klachi papo hapo. Katika mteremko mrefu hafungi mafuta moja kwa moja huku mashine inazunguka kwa kasi. Hufungua kidogo kidogo, ili oili ifike.

Basi kanuni ni kuanza na jeti kubwa, yenye petroli nyingi, na kushuka hatua moja moja. Mjaribu hukimbiza pikipiki kwa mafuta yote, kisha hubana klachi na kuzima mashine kwa wakati mmoja, akafungua plagi na kuitazama. Rangi ya kahawia ni habari njema. Nyeusi yenye unyevu ni petroli nyingi. Nyeupe ni onyo. Hubadili kitu kimoja tu kwa mara moja, na kila alilolibadili huliandika daftarini. Akibadili viwili pamoja, hatajua ni kipi kilichomfaa na ni kipi kilichomdhuru.

Shokapu nazo hupimwa mpandaji akiwa amekaa na mavazi yake yote. Pikipiki kubwa za namna hii hulegezwa zishuke kiasi cha milimita 100 nyuma. Kisha huja saa ya mkononi, ambayo ni shahidi mwadilifu. Mashine inayoamka kwa kishindo humfanya mpandaji adhani anaruka, kumbe saa humwonyesha kuwa ile tulivu ndiyo iliyomaliza mzunguko mapema, kwa kuwa gurudumu lake halikupoteza nguvu kwa kuchimba udongo.

Wahenga wamesema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika kazi hii huvunjika guu hata asiyesikia la mashine. Enyi vijana, mwili ni amana. Anayeijaribu pikipiki bila ya helmeti, bila ya mtu wa kumtazama, na bila ya daftari, huyo anaichezea amana hiyo. Nanyi wazazi, kijana wenu akisema kwamba ameirekebisha pikipiki yake, msimwulize inakimbia kiasi gani. Mwambieni awaonyeshe plagi yake na daftari lake. Akiwa navyo, na plagi ikawa ya kahawia, mtajua kwamba amejifunza kusimama kabla ya ukingo. Akiwa hana, mna haki ya kuushika ufunguo mpaka avilete.